Bosi anataka risiti za kusomwa barua pepe ziwe lazima kwa wafanyakazi wote. Nifanyeje?

FundiSeva (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Nina jambo limenikosesha usingizi wiki nzima, naomba mwenye uzoefu anishike mkono kabla ya Ijumaa.

Nasimamia barua pepe za ofisi yetu, akaunti kama 180, seva ni Exchange (programu ya Microsoft ya kuendesha barua pepe za ofisi). Ijumaa iliyopita usiku mkuu wa idara moja alimwandikia mtunza stoo afike Jumamosi saa 1 asubuhi kupokea mzigo. Akaweka alama ya kuomba risiti ya kusomwa. Saa 4:12 usiku risiti ikarudi kwake: ujumbe umesomwa. Jumamosi mtunza stoo akaingia getini saa 4 na ushee, gari limesubiri saa tatu nzima, dereva anadai fidia. Jumatatu akapewa barua ya kujieleza, na kilichoambatanishwa kama ushahidi ni ile risiti, imechapwa na kugongwa muhuri.

Yeye anasema saa hiyo alikuwa amelala na simu iko kwenye chaji chumba kingine, ujumbe aliuona asubuhi akakimbia kama alivyo. Hakuna anayemwamini, kwa sababu karatasi ina saa na dakika.

Sasa mkurugenzi ameniagiza kwamba kuanzia mwezi ujao kila akaunti ijibu maombi ya risiti yenyewe, mtu asiulizwe, na asiwe na uwezo wa kubadili. Anataka visingizio viishe. Kiufundi ni kazi ya nusu siku. Ila ninavyoijua hii risiti, haibebi uzito wanaotaka kuitwisha, na sijui nimweleze vipi mtu mzima akanielewa bila kunichukulia kwamba natetea wavivu.

Kwa wasiozijua hizi risiti: ziko za aina mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya kufikishwa. Hiyo hutolewa na seva, inasema ujumbe umeingia kwenye kikasha cha mlengwa, basi. Ya pili ni ya kusomwa. Hiyo hutolewa upande wa msomaji pale ujumbe unapohesabiwa kuwa umefunguliwa. Shida yote imejificha kwenye hilo neno "unapohesabiwa".

Kwenye Outlook ya kawaida ya kompyuta (programu ya kusomea barua pepe), ukiuchagua ujumbe kwenye orodha unatokea kwenye kidirisha cha pembeni. Ukishuka kwenda ujumbe unaofuata, ule wa juu unahesabika umesomwa, hata kama jicho lako lilikuwa kwenye simu ya mezani. Ukibofya kulia ukachagua kuweka alama ya "umesomwa" kwa barua pepe 60 kwa mpigo baada ya likizo, zile zilizoombewa risiti nazo zinahesabika. Nimelijaribu hili kwa akaunti mbili za majaribio leo asubuhi, na risiti ikatoka bila mimi kuona hata mstari mmoja wa ujumbe.

Nielekezeni.

---

Karani_Mstaafu

Kijana wangu, mimi masijala nimekaa miaka mingi kabla kompyuta hazijaingia. Tarishi alikuwa anapita na daftari la kupelekea barua. Unapokea bahasha, unatia sahihi na saa. Ile sahihi ilimaanisha jambo moja tu: bahasha imetoka mkononi mwa tarishi imeingia mkononi mwako. Haikumaanisha umeifungua, na hakuna mkuu wa idara aliyewahi kudai hivyo. Wakati mwingine aliyetia sahihi ni katibu muhtasi, bosi mwenyewe yuko safarini.

Jambo lilipokuwa zito, tuliandika chini ya waraka, "Tafadhali jibu kwa maandishi kabla ya tarehe fulani." Mtu anajibu, jibu linaingia kwenye jalada, na ushahidi ndio huo.

Tofauti ninayoiona na mashine zenu ni kwamba zamani sahihi aliitia mtu. Hapa inamtilia mashine, naye hajui. Mweleze mkurugenzi hivyo, ataelewa, maana na yeye amewahi kusaini daftari la tarishi.

---

NuktaMbili

Mzee hapo juu kagusa penyewe. Niongeze upande wa kiufundi kwa sababu watu wanadhani huu ni ubishi wa wafanyakazi, kumbe waliotunga kanuni za barua pepe waliliona toka mwanzo.

Risiti ya kusomwa ina kanuni yake rasmi. Ilitoka mara ya kwanza Machi 1998 kama RFC 2298 (RFC ni nyaraka zenye namba za kanuni za intaneti), ikarekebishwa 2004 kama RFC 3798, na inayotumika sasa ni RFC 8098 ya Februari 2017. Mtumaji akiomba risiti, programu yake inaongeza mstari kwenye vichwa vya ujumbe:

Disposition-Notification-To: anwani ya mtumaji

Huo mstari ni ombi. Kanuni inasema kwa mkazo kwamba programu ipate ridhaa ya mpokeaji kabla ya kujibu. Na neno linalorudi kwenye risiti ni kwamba ujumbe "umeonyeshwa". Kanuni yenyewe inaeleza kuwa kuonyeshwa si uthibitisho kwamba mtu amesoma wala kuelewa. Kwa hiyo FundiSeva, hujatunga hoja ya kuwatetea watu, umesimama kwenye maandishi ya waliotengeneza chombo.

Na kama hilo halitoshi, mwambie kwamba kutopata risiti pia hakuthibitishi lolote. Kuna programu zinazokaa kimya kabisa ombi likifika. Anayesoma kwa programu hiyo anaweza kuusoma ujumbe mara kumi na mtumaji asipate kitu. Ukiwaadhibu watu kwa risiti, utamwadhibu mwenye programu inayojibu na kumwachia mwenye programu isiyojibu.

---

Msimamizi_Zamu

Nitakuwa tofauti na wenzangu, naomba mnivumilie.

Nasimamia watu wanaoingia kwa zamu kwenye mitambo. Nikituma taarifa kwamba valvu fulani isiguswe hadi fundi apite, nahitaji kujua imewafikia. Nimekuwa nikiomba risiti miaka minne na zimenisaidia. Nikiona majina tisa yamejibu na moja halijajibu, nampigia huyo mmoja. Mkizizima zote, mimi nabaki gizani, na gizani kwangu mtu anaweza kuumia.

Msichukulie kila bosi anayeomba risiti kuwa ni mchunguzi.

---

FundiSeva

Shikamoo mzee Karani. Hilo la daftari la tarishi nitalichukua kama lilivyo.

Msimamizi, nimekuelewa na wala sitaki kuzizima. Angalia lakini unavyozitumia: asiyejibu unampigia simu. Risiti kwako ni ya kukuonyesha nani wa kumfuatilia, na hapo inafanya kazi vizuri. Kinachonitia hofu ni wale tisa "waliojibu". Mmoja wao akiwa amepitisha tu mshale juu ya ujumbe, wewe huna habari, na valvu iko pale pale.

---

Msimamizi_Zamu

Hapo umenipiga penyewe. Sikuwahi kuwafikiria wale tisa.

---

DadaUtumishi

Niko idara ya rasilimali watu, naomba niseme kwa upande wetu kwa sababu barua ya kujieleza hutoka kwetu.

Kwanza, anayetunga sera lazima aandike risiti inatumika kwa nini na haitumiki kwa nini. Ofisi nyingi hazina hata sentensi moja juu ya hili. Matokeo yake kila mkuu wa idara anajitungia sheria yake, na mfanyakazi anajua kwamba kulikuwa na sheria siku anapokabidhiwa barua.

Pili, hili ni suala la taarifa binafsi. Risiti inamwambia mtumaji saa uliyokuwa umeshika kifaa. Ukizikusanya za mwezi mzima unajua mtu analala saa ngapi na anaamka saa ngapi. Ulaya lilishazungumzwa zamani. Mwaka 2006 kikundi cha mamlaka za ulinzi wa data za Umoja wa Ulaya, kilichojulikana kama Kikundi cha Kifungu cha 29, kilitoa maoni kupinga vikali huduma zinazomfuatilia msomaji wa barua pepe kwa siri bila ridhaa yake. Walikuwa wanazungumzia zile zinazofanya kazi kwa kificho, ambapo mpokeaji haoni hata ombi. Risiti za kawaida zina nafuu kwa sababu mtu anaulizwa. Mkurugenzi akiondoa kuulizwa, ameziondolea hiyo nafuu.

Tatu, na hili linaniuma. Ujumbe ulitumwa Ijumaa usiku kwa kazi ya kesho yake alfajiri. Hata kama jamaa angekuwa ameusoma saa 4:12, nani alimwambia kwamba saa hiyo yuko kazini? Mimi nisingesaini barua ile. Simu moja ingemaliza kazi.

---

Bibi_Mkeka

Dada Utumishi hilo la tatu liandikwe ukutani. Ofisi yetu ya zamani bosi alikuwa anatuma saa 5 usiku, halafu asubuhi anauliza, "Umeiona, mbona hukujibu?" Tukafika mahali tunaogopa kufungua simu zetu wenyewe ili risiti isitoke. Mtu anapitwa na ujumbe wa mwalimu wa mtoto kwa sababu anaikwepa barua pepe ya kazini.

---

Waya_Mwekundu

FundiSeva, swali moja kabla hujaenda mbali. Huyo mtunza stoo simu yake inasoma barua pepe kwa programu gani? Imeunganishwa kwa IMAP (njia mojawapo ya simu kuchukua barua pepe kutoka kwenye seva)?

---

FundiSeva

Sijaangalia bado. Kwa nini?

---

Waya_Mwekundu

Kwa sababu Exchange ina tabia yake na akaunti zinazosomwa kwa IMAP. Mipangilio inayokuja nayo kiwandani inatoa risiti mbili kwa ujumbe mmoja. Ya kwanza hutoka simu inapoushusha ujumbe kutoka kwenye seva, ya pili hutoka mtu anapoufungua. Simu iliyoko kwenye chaji inashusha barua pepe yenyewe usiku kucha, mwenye simu anakoroma.

Tazama thamani ya ImapSuppressReadReceipt (kipengele cha kuzuia ile risiti ya kushusha) kwenye akaunti yake kwa amri ya Get-CASMailbox. Ikiwa ni $false, yaani haizuii, nenda katafute risiti ya pili. Lazima iko mahali. POP, njia nyingine ya kushusha barua pepe, nayo ina kipengele kama hicho, PopSuppressReadReceipt.

---

NuktaMbili

Waya, Mungu akubariki. Nimefanya kazi na Exchange miaka na hiki kipengele sijawahi kukigusa.

---

FundiSeva

Nimerudi. Nimekaa kwenye kiti nikashindwa kusimama.

Simu yake ni IMAP. Kipengele ni $false. Nikafungua kumbukumbu za seva za kufuatilia ujumbe, kwa bahati bado hazijafutika maana kwetu zinakaa siku 30. Kutoka kwenye akaunti yake kwenda kwa mkuu wa idara zilitoka risiti MBILI kwa ujumbe ule ule. Moja Ijumaa saa 4:12 usiku. Nyingine Jumamosi saa 3:38 asubuhi.

Ujumbe wenyewe uliingia kwenye kikasha chake saa 4:11. Yaani dakika moja baadaye simu imeushusha na seva ikatoa risiti. Alivyosema ndivyo ilivyokuwa: aliuona asubuhi, 3:38, saa 4 na kitu akawa getini.

Nikaenda kwa mkuu wa idara kwa adabu, nikamwomba tuangalie kikasha chake pamoja. Risiti ya pili ilikuwa kwenye vilivyofutwa. Anasema aliiona, akadhani ni ile ile imejirudia, akaifuta. Namwamini, kwa sababu zinafanana kila kitu isipokuwa saa.

Aliziangalia zote mbili kwenye skrini kwa muda. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo huyu kijana hakusema uongo?" Nikamjibu hakusema. Akasema atazungumza na utumishi mwenyewe.

---

DadaUtumishi

FundiSeva, usiishie kwenye mazungumzo. Barua ya kujieleza ikishaingia kwenye jalada la mtu haitoki kwa maneno ya mdomo. Mkuu wa idara aandike barua ya kuifuta, akitaja namba ya ile ya kwanza, na nakala aipate mfanyakazi. Vinginevyo baada ya miaka miwili mtu mwingine atafungua jalada, atakuta karatasi yenye muhuri, na historia inaanza upya.

---

FundiSeva

Nimempelekea ujumbe huu wako kama ulivyo, dada. Asante sana.

---

Mkoba_Wazi

Sisi tunatumia Google Workspace, naomba nichangie kwa wenye mfumo huo maana uzi umeegemea Exchange.

Gmail ya mtu binafsi haina kuomba risiti. Hizo ni za akaunti za kazini na mashuleni tu, na msimamizi ndiye anayezifungua. Unaingia kwenye dashibodi ya msimamizi, sehemu ya programu, Gmail, mipangilio ya watumiaji, utakuta risiti za kusomwa barua pepe. Una njia tatu: kuzizuia kabisa, kuruhusu ziende ndani ya ofisi pamoja na anwani chache ulizoziorodhesha, au kuruhusu ziende kwa yeyote duniani. Pia kuna kisanduku cha kumfanya mtumiaji aulizwe kila mara. Sisi tumechukua ya katikati na kile kisanduku tumekiweka alama.

Uzuri wake unaweza kupanga kwa vitengo. Idara ya fedha ina mpangilio wake, walinzi wana wao. Ukibadilisha, vuta subira, inaweza kuchukua hadi saa 24 kuenea. Nilipofanya mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikabadili mara tatu kwa siku moja, nikavuruga kila kitu.

Na wanaotuma kwa anwani ya kikundi wasitarajie risiti. Gmail hairudishi risiti kwa ujumbe uliopitia orodha ya kikundi.

---

Sauti_ya_Pwani

Thunderbird je? Tuna ofisi ndogo, watu 12, hatuna seva yetu.

---

NuktaMbili

Thunderbird kwa maoni yangu ndiyo iliyofikiria vizuri kuliko zote. Kwenye mipangilio ya jumla kuna sehemu ya risiti. Unaweza kukataa zote, au kuruhusu baadhi kwa masharti matatu tofauti: kama mimi siko kwenye orodha ya wapokeaji, kama mtumaji yuko nje ya kikoa changu (sehemu ya anwani inayofuata @), na kwa hali nyingine zote. Kila moja unaipangia: usitume, tuma, au niulize. Kwa watu 12 ningeweka hivi kwa kila kompyuta: wa nje usitume, nyingine niulize. Inachukua dakika mbili kwa kila mtu, na mueleze unapoifanya, usimfanyie akiwa amekwenda kula.

Wa nje nakazia. Watumaji wa barua pepe taka wanapenda sana risiti, kwa sababu ikirudi wanajua anwani ina mtu hai nyuma yake. Ofisi iliyolazimisha "jibu kila mara" kwa akaunti zote inawajibu na wao.

---

FundiSeva

NuktaMbili, hilo la watumaji taka ndilo lililomgeuza mkurugenzi. La haki za wafanyakazi alilisikiliza, la daftari la tarishi alitabasamu, lakini nilipomwonyesha kwamba agizo lake lingefanya akaunti 180 ziwajibu matapeli zenyewe bila kuuliza, alisogeza kiti mbele.

Nimekubaliana naye haya, mkiona kosa semeni mapema.

Kwanza, kila akaunti inawekwa kwenye kuuliza. Kwa Outlook ya kwenye kivinjari natumia amri hii kwa kila kikasha:

Set-MailboxMessageConfiguration -Identity jina -ReadReceiptResponse DoNotAutomaticallySend

Hiyo (isitume yenyewe) ndiyo thamani inayokuja nayo, ila nimekuta akaunti 23 zimewekwa AlwaysSend (itume kila mara) na aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu. Outlook ya kwenye kompyuta haisikii amri hiyo, ina mpangilio wake kwenye mashine, kwa hiyo huko nasukuma kwa sera ya kikundi (Group Policy, mpangilio unaopelekwa kwenye kompyuta zote za ofisi kwa mpigo). Hapa wengi hujikwaa: unabadili upande mmoja, mtu anatumia upande mwingine, unadhani mfumo umekukaidi.

Pili, ImapSuppressReadReceipt inakuwa $true (inazuia) kwa wote, ili risiti itoke mtu anapofungua tu. POP hivyo hivyo.

Tatu, kanuni ya usafirishaji kwenye seva: ujumbe wa aina ya risiti ya kusomwa unaoelekea nje ya ofisi unafutwa kabla haujatoka. Kwa hiyo hata mtu akibofya ndiyo kwa bahati mbaya, haiondoki.

Nne, hakuna risiti itakayoambatanishwa kwenye barua ya nidhamu. Hili liko kwenye waraka, mkurugenzi amelisaini.

---

Waya_Mwekundu

Ya tatu ijaribu kwanza kwa akaunti chache, kuna idara zinaweza kuwa na mteja ambaye mkataba unadai risiti. Ukiifungia ofisi nzima kwa siku moja utapigiwa simu na mtu wa mauzo kabla ya saa nne.

Na nina swali. Umefikiria vikasha vya pamoja? Kile cha maombi au cha malalamiko, wanachoingia watu watano? Mtu wa kwanza kukifungua ndiye anayetoa risiti. Mtumaji anadhani amesomwa na mhusika, kumbe amesomwa na aliyekuwa anatafuta kitu kingine. Mimi vikasha hivyo naviweka NeverSend (isitume kamwe) moja kwa moja. Hata akaunti ya bosi ambayo katibu wake anaisoma, fikiria mara mbili.

---

FundiSeva

Vikasha vya pamoja nilivisahau kabisa. Vipo saba. Navibadili leo hii.

---

Msimamizi_Zamu

Na mimi nirudishe majibu. Wiki hii taarifa za usalama nimezibadilisha. Chini kabisa ya ujumbe, baada ya maelezo yote, naandika: jibu kwa namba ya valvu na rangi ya kitambulisho kilichofungwa. Hawezi kujibu bila kusoma hadi chini. Siku ya kwanza nilipata majibu sita kati ya kumi, na mawili kati ya hayo sita yalikuwa na namba isiyo sahihi. Hao wawili kwa mtindo wangu wa zamani ningewahesabu wamesoma.

Nikawafuata mmoja mmoja. Mmoja alikuwa amesoma taarifa ya wiki iliyopita akidhani ndiyo hiyo.

---

Karani_Mstaafu

Hayo mawili yasiyo sahihi ndiyo yaliyonifurahisha, Msimamizi. Endelea hivyo hivyo.

---

Bibi_Mkeka

Swali langu dogo. Mwezi uliopita nilipata risiti inayosema ujumbe wangu "umefutwa bila kusomwa", kutoka kwa mtu aliyeacha kazi kitambo. Ujumbe wenyewe niliutuma karibu miaka miwili nyuma, ulikuwa wa kumpa pole ya msiba. Nilisononeka siku nzima. Ina maana aliuona akaufuta?

---

FundiSeva

Hapana, dada yangu, pole sana. Ujumbe ulioombewa risiti ukikaa bila kufunguliwa, halafu siku moja ukafutwa, mfumo unatoa taarifa ya "haukusomwa". Aliyefuta si lazima awe yeye. Mara nyingi ni mtu kama mimi anasafisha kikasha cha aliyeondoka, au ni utaratibu wa seva unaofuta vya zamani. Na "haukusomwa" yenyewe ni alama tu. Angeweza kuwa ameusoma wote, kisha akaurudishia alama ya haujasomwa ili aurudie baadaye. Watu wengi hufanya hivyo kwa barua zinazowagusa.

---

Bibi_Mkeka

Asante. Umenitua mzigo.

---

DadaUtumishi

FundiSeva, ile barua ya kufuta imetoka?

---

FundiSeva

Imetoka leo saa 8 mchana. Mkuu wa idara aliipeleka stoo mwenyewe kwa mkono, hakuituma kwa barua pepe. Mtunza stoo aliisoma mbele yake amesimama, akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

Akaunti 180 zimeshabadilishwa, vikasha saba vya pamoja viko NeverSend. Kanuni ya kwenda nje naijaribu kwa watu watano hadi Alhamisi, na mtu wa mauzo nimemuuliza kabla hajanipigia: ana wateja wawili wa namna hiyo, nimewaweka pembeni ya kanuni. Nikimaliza nitaweka hapa amri zote kwa mpangilio.